Paa la Harrowdean

Crispin Tolley alipoingia jumba la Harrowdean alilipa kiingilio kama watu wengine, na hilo peke yake lilimuudhi. Jumapili za kiangazi jumba lilikuwa wazi kwa wageni, na mwenyewe, Lady Winifred, mjane mkongwe mwenye mgongo ulionyooka, aliwatembeza akiwa na sweta lililotoboka viwiko. Wenye majumba ndivyo walivyo. Ukiona sweta zima, ujue ukoo ni wa juzi.

Ukumbini zilipangwa ndoo za kukinga maji ya mvua yaliyovuja darini, na wageni waliziruka kwa adabu. Crispin hakuziona. Alikuwa akikodolea macho juu ya meko, kwenye ubao wa mwaloni wenye nakshi za mizabibu, kulungu, na mzee anayetoa majani kinywani. Kazi ya enzi za Mfalme Henry, kabla mjukuu fulani hajaibandika nyumba uso wa matofali ili iendane na wakati, na kabla kitukuu hajaziba nusu ya madirisha kwa kukwepa kodi ya madirisha. Crispin aliyajua yote hayo. Angekuwa mwaminifu angekuwa mwalimu mzuri sana, lakini uaminifu haujawahi kumpikia chakula.

Akangoja wageni waende kwenye keki, akavaa miwani yake ya kioo kitupu.

"Lady Winifred, mimi ni Dakta Tolley, mtaalamu wa majumba ya kale. Tafadhali keti kwanza."

"Nikiketi sitainuka, kijana wangu. Sema tu."

"Ubao wako ni bandia. Umechongwa enzi za Malkia Victoria, na una wadudu. Wakihamia kwenye boriti, nyumba itakulalia kichwani."

"Ole wangu. Mama mkwe aliupenda kuliko watoto wake. Ingawa kwa kweli, ungewaona hao watoto, usingemlaumu."

"Naweza kukuondolea. Nitakupa chochote kidogo, cha kukufuta machozi."

Bibi akakunja uso. "Pesa? Ukoo huu hauuzi kitu, Dakta. Tunagawa, tunaibiwa, tunacheza karata tukaliwa. Kuuza, hapana." Akaitazama ndoo iliyokuwa karibu. "Lakini akitokea mtu wa moyo mwema akaniletea mafundi wa paa, ubao ningemwachia kwa shukrani. Ila kimyakimya. Nyumba hizi ukichomoa hata msumari bila kibali cha halmashauri, unalala ndani."

"Kimyakimya ndiyo kazi yangu," alisema Crispin, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alisema kweli.

Bibi akammiminia chai kutoka birika ambalo lingetosha harusi. "Maziwa sina, utanisamehe." Vidole vyake vilikuwa vimefungwa plasta kila kimoja. "Mawaridi," alieleza. "Yana miiba mwaka huu."

Crispin aliuza gari. Aliuza saa ya baba yake, na ile inauma kuisimulia. Alichokuwa nacho chote duniani kikapanda juu ya paa la Harrowdean: mabamba mapya ya madini ya risasi, vigae vya mawe, boriti za mwaloni. Kila alipodhani kazi imekwisha, bibi alitokea uani.

"Na mifereji ya mvua, Dakta, si ni sehemu ya paa? Au nimekosea?"

"Hujakosea, Lady," alijibu akisaga meno, akiwaza jinsi ubao ule utakavyomrudishia kila kitu na kumwongezea kijumba kando ya bahari.

Hatimaye akaupakia kwenye gari la kukodi, ameufunika blanketi, akaupeleka mjini Ludcombe kwa Barnaby Stubbs, muuza vitu vya kale. Stubbs alilifunua blanketi. Hata hakutazama. Alinusa.

"Chai," alisema.

"Chai gani?"

"Rangi ya uzee. Ni chai, tena ya rangi, isiyo na maziwa. Vitundu vya wadudu Lady Winifred anavitoboa kwa sindano ya kufumia. Anachonga mwenyewe bandani, na mkono wake unazidi kuwa mzuri. Kulungu wangu alifanana na mbuzi."

Basi Stubbs naye aliuziwa mbuzi, tena bila gunia.

"Wako?" Crispin aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mimi nilimjengea dohani upya. Kuna bwana kutoka mji wa Bath alimtengenezea banda la farasi. Wewe umefanya nini?"

"Paa." Crispin akakaa juu ya sanduku.

"Lote?"

"Na mifereji."

Stubbs akavua kofia.

"Naenda polisi," alisema Crispin.

"Ukawaambie uling'oa ubao bila kibali kwenye nyumba inayolindwa na sheria, ila bahati mbaya ulikuwa wa bandia? Nenda basi. Nitakuletea sigara huko."

"Na ule wa kweli uko wapi?"

"Ubao wa kichwani pa kitanda chake. Analala chini yake usingizi wa mtoto."

Majira ya kuchipua yalipofika, Crispin alipanda basi kwenda Harrowdean, amejaa matusi kifuani. Mvua ilikuwa ikimwagika. Akaingia ukumbini, akafungua mdomo, akaukumbuka ule uvujaji, akatazama juu. Dari lilikuwa kavu. Ndoo hazikuwepo. Alisimama pale akisikiliza mvua ikipiga mabamba yake na vigae vyake, na, aibu iliyoje, akaona fahari.

Juu ya meko kulikuwa na ubao mpya. Mbele yake alisimama bwana mwenye tai ya kipepeo, akitikisa kichwa kwa huzuni.

"Dakta Tolley!" Lady Winifred alimpokea kama mwanawe. "Umekuja wakati mzuri. Profesa huyu anasema ubao wangu ni bandia. Wewe waonaje?"

Neno moja tu lingemwumbua bibi mbele ya wageni wote. Crispin aliitazama miwani ya profesa: kioo kitupu. Akayatazama madirisha: fremu zimeoza, upepo unaingia unavyotaka.

"Bandia kabisa," alisema. "Na una wadudu. Profesa, tafadhali, uondoe mapema."

"Sijui nimshukuruje," bibi alisema akishusha pumzi. "Nilikuwa nafikiria madirisha."

"Yote," alisema Crispin. "Na yale yaliyozibwa."

Lady Winifred akanyanyua birika, akammiminia chai. Kisha akatoa jagi dogo nyuma ya sahani ya keki, akamwekea maziwa.