Pijo na Kabro ya Mama Debra

Jumapili, 7 Machi 2004

Tone moja! Tone moja la oili, dogo kama mbegu ya papai, na Mama Debra ameniita kama anayeitia mwizi. Bado nilikuwa na suti ya kanisani. Mwenye nyumba wetu hana haja ya kuinua sauti, lakini leo aliinua. Akanionyesha kwa ncha ya kiatu: "Baba Stellah, hii ni nini kwa kabro yangu?" Nikasema labda ni chai. Akainama, akagusa, akanusa. Basi.

Kabro, haya matofali ya saruji ya uani, ni mpya kabisa. Ameitandaza ploti nzima kwa sababu Jumamosi wakwe wanakuja kuleta mahari ya binti yake Debra. Hukumu ni hii: akiona oili kwenye kabro hiyo Jumamosi, Pijo yangu inahama na hairudi. Ihamie wapi? Gari linalolala nje Dagoretti Corner huamka bila taa na bila vioo. Mke wangu Nzembi akasema basi tuiuze. Kuna mtu wa Kawangware anaitaka abebee kabeji.

Kabeji! Stellah wetu alizaliwa kwenye kiti cha nyuma cha gari hilo, katikati ya foleni ya Ngong Road. Naipenda Pijo na sioni haya kuandika hivyo. Hakuna kabeji itakayokalia kiti kile nikiwa hai.

Jioni nimefungua boneti na tatizo nimeliona papo hapo. Kuna mpira mwembamba unaotoka juu ya injini. Umechomoka, sijui wapi, unaning'inia, na mdomo wake umelowa oili. Oili inatoka hapo, basi pazibwe hapo! Nimechukua gunzi la mahindi tuliyochoma mchana, nikalichonga, nikalipigilia ndani kwa nyundo. Babu yangu kule Mwala aliziba vibuyu vya maziwa kwa magunzi maisha yake yote. Nimetumia shilingi ngapi? Sifuri. Halafu watu hukimbilia kwa mafundi.

Jumatatu, 8 Machi

Kazini na kurudi, nikiimba njia nzima. Nikaegesha, nikachungulia chini. Matone! Si moja. Sasa oili inatoka kwenye kifuniko cha juu ya injini, pembeni pote, mahali palipokuwa pakavu kama mfupa jana. Oili ina ukaidi. Ukiifukuza mlangoni inapitia dirishani.

Nimetega sinia chini ya gari. Nzembi anatafuta sinia lake la kuchambulia mchele. Nimemsaidia kutafuta.

Kisha akapita Mbuthia, jirani yetu wa mlango wa pili, na ile Toyota yake nyeupe ambayo bado ina nailoni kwenye viti. "Niaje, Baba Stellah, mgonjwa anaendeleaje?" Nikamwambia nimeshamtibu, nimeziba ule mpira. Akacheka. Eti injini inapumua. Eti mpira ule ndio pua yake, na nikiuziba ile presha itatafuta pengine pa kutokea. Pua! Mbuthia anauza bima. Gari na pua wapi na wapi?

Huo ni wivu mtupu. Mimi naegesha chini ya mparachichi, kivulini, yeye Toyota yake inakaangika juani. Tangu Krismasi anaipigia hesabu nafasi yangu. Pijo ikiondoka, nani atahamia pale? Sihitaji kuambiwa.

Jumanne, 9 Machi

Saa ya chakula nilikimbia River Road kutafuta gasketi ya kuziba kile kifuniko. Kijana wa duka akaniapia: "Hii ni original, mzee. Imetoka Japan." Nikafurahi sana. Nilikuwa nimeshafika nyumbani nilipokumbuka kwamba Pijo ni ya Mfaransa. Na gasketi yenyewe ingetosha lori.

Hata hivyo mtu mwerevu haendi River Road na mpango mmoja. Nilikuwa nimenunua pia silikoni, ile ya buluu ya kuzibia. Nimepaka yote. Nimepaka mahali panapovuja, na mahali panapofikiria kuvuja. Stellah amesema injini imependeza kama keki. Mtoto ana macho.

Jumatano, 10 Machi

Kweli, juu hakuvuji. Sasa inavuja chini, nyuma ya injini, mahali ambapo mkono wangu haufiki.

Nikapata wazo. Kwa nini Mama Debra atazame nafasi yangu peke yake? Jioni nafasi ya Mbuthia ilikuwa tupu, hajarudi. Nikachota oili kwa kijiko kutoka kwenye sinia, nikadondosha mahali ambapo Toyota hulala. Kisha nikamwita Mama Debra, kwa huzuni. Nikamwambia sipendi kutaja jina la mtu, lakini magari mapya nayo siku hizi ni shida.

Akaniangalia. Akasema Toyota ya Mbuthia iko Parklands kwa fundi tangu jana asubuhi, inafanyiwa service. Nikasema basi ilidondosha kabla ya kwenda. Akasema kabro hiyo ameipiga deki leo mchana, yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Kisha akauliza kijiko mkononi mwangu ni cha nini.

Nimesugua ile kabro mpaka giza likaingia. Kwa mswaki. Wangu.

Alhamisi, 11 Machi

Oloo wa ofisini kwetu amenipa siri. Mjomba wake alitoka Kisumu na tangi la petroli lililotoboka, akalipaka sabuni ya mche, akafika Nairobi salama. Sabuni! Iko nyumbani, ni rahisi, inanukia. Nimemega kipande cha Nzembi, nikajilaza chini ya gari, nikakandika kila mahali.

Ilishika vizuri mpaka injini ilipopata moto. Hapo ikaanza povu. Povu jeusi, jingi, na ploti nzima ikanuka kama kwa dobi. Nililikinga lote kwa beseni, kabro ikapona, asante Mungu. Mbuthia akatokeza kichwa dirishani kuuliza kama napokea na mashati. Kisha kile kijiti cha kupimia oili kikaruka chenyewe kutoka kwenye tundu lake. Nimekirudisha na kukifunga kwa waya. Gari hili leo lina wazimu.

Nzembi alitoka nje, akatazama povu, akalitazama beseni lake la kufulia, akarudi ndani. Baadaye nikamsikia kwenye simu. Mtu wa kabeji anakuja Jumapili alasiri na pesa taslimu.

Nimekaa kwenye kiti cha nyuma peke yangu. Nimelia kidogo. Halafu nikajifuta, kwa sababu bado kuna Ijumaa.

Ijumaa, 12 Machi

Nimepata! Sijui kwa nini nilihangaika wiki nzima. Gari lisilowashwa halivuji! Nimeifuta Pijo juu na chini, nimeisukuma mahali pake chini ya mparachichi, na ufunguo nimeuficha kwenye soksi. Haiguswi mpaka wageni waondoke. Jioni Mama Debra amepita na tochi. Kabro kavu. Hakusema kitu, na kwake hiyo ni sifa.

Jumamosi, 13 Machi

Nilivaa shati jeupe. Wakwe wakafika saa nne, watu wa Machakos, watu wetu kabisa! Wakaimba langoni, wakabishana na akina mama wa Kikuyu mpaka wakafunguliwa. Raha tupu. Kisha pikapu yao ya mbuzi ikakwama. Haiwezi kupita. Kisa? Pijo.

Mama Debra akanijia akitabasamu kwa ajili ya wageni. Meno yalitabasamu, macho hapana. "Baba Stellah, songesha hiyo kitu." Nikavua soksi mbele za watu.

Ningeisukuma tu, mambo yakaisha. Lakini mjomba wa bwana harusi, Mzee Mwau, alikuwa ameiona. Mzee mzima na fimbo yake na kofia yake akasahau mahari, akasahau mbuzi. Alikuwa na Pijo kama hiyo zamani, akaiuza, na mpaka leo anajuta. Akaniomba niiwashe asikie sauti. Akaniomba nifungue boneti. Ningemkatalia mkwe? Nikawasha. Nikasimama mbele ya injini, nikaivutia mafuta kwa mkono ili iimbe vizuri. Ikaimba. Wageni wakasogea.

PAA!

Gunzi! Lilipita sikioni mwangu, likaruka juu ya hema, likatua katikati ya akina mama wa Machakos. Wao wakadhani ni sehemu ya sherehe na wakapiga vigelegele. Mimi sikuona vizuri. Nilikuwa na oili kutoka nywele hadi mkanda.

Mama Debra akapita katikati ya watu, akapiga magoti na gauni lake la sherehe, akachungulia chini ya gari. Nilifumba macho. Nikaiona Pijo imejaa kabeji. Akainuka polepole. Hakuna! Hata tone moja halikugusa kabro! Shati langu lilikuwa limedaka yote.

Mzee Mwau alicheka mpaka fimbo ikamdondoka. Kisha akamwambia Mama Debra, mbele ya ukoo mzima, kwamba boma linalotunza Pijo ni boma la watu wavumilivu, na kwamba ana furaha kuoa hapo. Mama Debra angesema nini? Neno la mkwe siku kama hiyo halipingwi. Akasema Pijo ni kama mtoto wa nyumba. Mbuthia alikuwa karibu, alisikia vizuri kabisa.

Nzembi akaja na kitambaa kunifuta. Akauona ule mpira unaning'inia, akaona kipua cha chuma kando ya kisafisha hewa, akauchomeka pale na kukaza klipu. "Si ilikuwa inaingia hapa?" Nikamwomba asiguse vitu asivyovijua.

Jumapili, 14 Machi

Kanisani na kurudi. Parklands na kurudi, kwa kujaribu tu. Kavu! Juu kavu, chini kavu, kijiti kimetulia. Mtu wa kabeji alikuja na pesa zake na Nzembi mwenyewe akamrudisha langoni. Nilimsikia akimwambia gari alilozalia mtoto haliuzwi. Nikaenda kusimama nyuma ya mparachichi mpaka macho yakanikauka.

Nini kimeiponya? Nzembi anasema mpira. Mbuthia bado na pua yake. Mimi nimelifikiria kwa kina na jibu ni wazi: silikoni na sabuni. Vilihitaji muda tu kushikana. Dawa nzuri haina haraka.

Mama Debra naye ameelewa sasa anaishi na mtu gani. Leo alasiri ameniomba, kwa adabu, nimtazamie tangi la maji lililo juu ya dari. Likijaa, maji hutiririka ukutani mpaka kwenye kabro. Nimepanda, na tatizo nimeliona papo hapo. Kuna kibomba juu kabisa, karibu na mfuniko, ambacho hakina kazi yoyote duniani ila kumwaga maji tangi likijaa. Nani alikiweka? Nimekiziba kwa saruji, imara, na mfuniko nimeukaza kwa waya. Maji ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, yanafunguliwa kesho alfajiri. Tangi liko juu ya chumba chetu cha kulala, kwa hiyo nitakuwa wa kwanza kulisikia likijaa.