Kabeji Zilizosimama Kando ya Gogo

Leo nimetambaa kwa magoti mbele ya kina mama wa maombi, nimefumba macho, nikimwita mama yangu aliyekufa. Mimi, niliyefukuzwa kwetu Kuresoi nikiwa na sufuria moja kichwani na sikulia.

Wacha nirudi nyuma.

Tumegawiwa vishamba ndani ya msitu hapa Bahati, tunapanda kabeji katikati ya miti michanga. Hizo kabeji ndizo chakula cha nyumba yangu. Wiki hii kila asubuhi nakuta miche imelala, imekatwa shingo kama na wembe. Majani hayajaliwa. Hakuna alama ya mguu. Na msitu umenyamaza, ule unyamavu wa mtu aliyejificha.

Jirani yangu Mama Chebet akaniambia, "Hiyo si mnyama. Mnyama hula akashiba. Huyo ni mtu, na anatembea bila miguu."

Nikaamini. (Usiulize.) Leo nikaita maombi.

Tukaingia shambani asubuhi na ukungu, tukiimba chini chini. Shamba lote limelala. Lakini kuzunguka gogo moja bovu, kabeji zimesimama, kijani, kama zinatungoja.

"Hapo ndipo dawa imezikwa," Mama Chebet akanong'ona.

"Inua gogo basi," nikamwambia.

"Kwani shamba ni langu?"

Nikainua. Kitu cheusi, kirefu kama kidole, kinang'aa, kimeng'ata kitu kinono ambacho bado kinajipinda. Nikakishika kwa jina la Yesu. Kikanigeuzia makalio, kikanirushia maji ya moto machoni. Hapo ndipo magoti. Hapo ndipo mama. Wenzangu wakakimbia na wimbo wao, wakaniachia kiatu kimoja.

Nikajiosha. Jicho moja lilipofunguka, yule mdudu alikuwa ameshakirudia chakula chake: kiwavi cha mchangani, kile kinachokata shingo za miche usiku, tumbo limejaa kabeji yangu. Chini ya gogo walikuwa wenzake, wametulia, wanangoja giza watoke kuwinda. Nikachimba mbali na gogo. Viwavi tele. Mdudu mweusi hata mmoja hakuna.

Ndipo nikamkumbuka mwenyekiti wa kikundi chetu, Karanja, alivyotuambia kabla hatujapanda: "Chomeni magogo yote, shamba likae safi." Tukachoma, pamoja na wadudu waliolala chini yake. Hili moja lilikuwa limelowa, likakataa moto.

Karanja, naona unasoma hapa kwenye kikundi. Jicho langu limevimba, naandika na lililobaki. Wengine chekeni, nimewapa ruhusa. Wewe usicheke. Nijibu mbele ya hawa watu: walinzi wangu uliowachoma, utaniletea wengine kutoka wapi?