Kideri cha Arlington

Jumatatu, 7 Juni 2004
Nyoka ndani ya gereji! Alijikunja kwenye buti la mpira la Lydiah. Nilipiga mayowe. Lydiah akamtoa kwa reki. Kisha mke wangu akatangaza: akiona nyoka mwingine anahamia kwa dada yake Prudensia, mjini Garland, nami nibaki na nyumba yangu. Sijui kupika. Isitoshe, nampenda.

Jumanne, 8 Juni
Mkombozi amepatikana. Ndege! Mkia mrefu, kishungi kichwani, haruki, anakimbia tu uani kama aliyechelewa kazini. Jirani yetu Nyaga, mjuaji wa kila kitu, anasema ni roadrunner. Hula mijusi, nge, hata nyoka. Eti nimwache tu, atarudi mwenyewe. Nyaga hajafuga hata kifaranga! Mimi nimekua na kuku. Nimemwaga mahindi ua mzima.

Jumatano, 9 Juni
Mahindi yameliwa na panya. Ndege hakuyatazama hata. Nyaga akaniuliza kama najua nyoka hufuata panya.

Alhamisi, 10 Juni
Balaa! Ndege mgonjwa. Asubuhi nimemkuta ameligeuzia jua mgongo, manyoya wima, hatikisiki. Kwetu Nyamira kuku akisimama hivyo ni kideri, na mchana unamzika. Nyaga anasema anaota jua tu, ndiyo desturi yake. Mjinga! Nimeponda pilipili, nikachanganya na majivu ya jiko la nyama choma, nikamkimbiza na kijiko. Raundi tano. Nikaanguka, dawa yote ikaniingia machoni. Lydiah, ambaye huuguza watu kutwa nzima hospitalini, amenisafisha macho. Halafu akateremsha sanduku la nguo kutoka kabatini.

Jumamosi, 12 Juni
Nyoka wa pili! Mlangoni, mbele ya miguu ya Lydiah! Mimi nikajikuta juu ya gari. Mara ndege huyo, mbio, akamdaka kichwa, akampigapiga kwenye saruji mpaka akalegea. Akaanza kummeza, mkia ukining'inia mdomoni. Lydiah alicheka hadi akakaa chini. Amesema ndege akibaki, naye anabaki. Sanduku limerudi kabatini. Asante Mungu! Nimelia, na si kwa sababu ya pilipili.

Jumapili, 13 Juni
Chapati za Lydiah! Moyo umetulia kabisa. Nyaga anadai ndege angemla nyoka hata bila mimi. Wivu! Bila dawa yangu angekuwa marehemu tangu Alhamisi. Tone moja lazima lilimfikia. Halafu paka wa Nyaga amelala juani tangu tulipotoka kanisani, hatikisiki. Maskini, kideri kimehamia kwake. Nimemsamehe jirani yangu. Pilipili nimeshaponda.