Kadi Tatu za Bingwa wa Kitufe Kimoja

Jumatatu, 3 Machi

Nimemaliza gemu! Mimi! Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, mbele ya mashahidi wawili: mke wangu na paka wa jirani. Miaka sita nanunua gemu, miaka sita zinanishinda mlangoni. Leo jitu la *Daraja la Chuma* limelala chali, muziki unapigwa, majina ya waliolitengeneza yanapita. Nilisimama wima mpaka jina la mwisho.

Siri ya ushindi? Vumbi! Wiki iliyopita mke wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alichoshwa na kelele zangu wakati anasahihisha madaftari. Akaichukua mashine, akasema anaifuta vumbi. Akabonyezabonyeza kama dakika mbili, akanirudishia huku anatabasamu. Tangu siku hiyo mimi ni mtu mwingine. Kumbe kipaji kilikuwepo, kimezibwa na vumbi.

Na nimemaliza wakati mwafaka. Ukumbi wa gemu ulio mkabala na kazini kwetu unatafuta mwandishi wa kadi. Mwenye ukumbi ni mama aliyekuwa karani wa mahakama, na anaendesha mambo yake kimahakama. Sharti ni hili: umalize gemu tatu, kwa kila moja uandike kadi moja kueleza mapigano yake yakoje, naye anaibandika kando ya skrini. Kila mwandishi ana kopo lake. Mteja aliyesaidiwa na kadi anatumbukiza kizibo cha soda. Jumamosi saa sita vizibo vinahesabiwa. Mshindi anakuwa mwandishi rasmi, na anapewa kochi jekundu la mbele, kila Jumamosi mchana, bila kupanga foleni.

Nalitaka lile kochi. Nalitaka kuliko nilivyotaka harusi, ingawa hili mke wangu asilisome.

Mpinzani ni mmoja tu: Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi bomba. Anamaliza gemu kama mtu anavyomaliza karanga. Kila tukila pamoja huuliza, mbele ya mama mkwe, kama nimeshavuka mlango wa kwanza. Kila mara!

Kadi ya kwanza nimeiandika usiku huuhuu: "DARAJA LA CHUMA. Mapigano ya upanga na ngao. Mambo ni mepesi. Shika kitufe cha upanga, usikiachie. Tembea mbele. Ngao usiisumbue, ni pambo. Kitufe cha kukwepa sijakigusa hata mara moja, nadhani kimewekwa kwa ajili ya waoga."

Jumanne, 4 Machi

Gemu la pili chini! *Ngumi za Stendi.* Nimelianza baada ya kutoka kazini, nimelimaliza kabla chai haijapoa. Hapa unapigana mikono mitupu na wahuni arobaini. Watu husema lazima ukariri mfululizo wa vitufe: juu, chini, teke, ngumi, ruka. Upuuzi. Nilibonyeza kitufe kimoja na wahuni wakaanguka wenyewe, wawili wawili, kwa adabu. Mmoja alianguka kabla sijamfikia. Nadhani sifa zangu zilimtangulia.

Nimepeleka kadi zote mbili. Mwenye ukumbi aliniuliza gemu linaishaje, nikaeleza, akagonga muhuri. Muhuri kweli! Aliondoka nao mahakamani.

Nikasoma kadi za Shemeji. Ndefu kama hati ya mashtaka. Eti subiri jitu liinue bega la kushoto, hesabu mbili, kwepa kulia, piga mara moja, rudi nyuma. Nani ana muda wa kutazama mabega ya watu? Lakini kopo lake lina vizibo kumi na saba. Langu lina kimoja, na ni mimi niliyekitia.

Hapo likanijia wazo. Mimi ni fundi wa miwani. Miwani mpya ya Shemeji iko tayari juu ya meza yangu tangu asubuhi, nimeichonga lenzi kwa mkono wangu, kazi safi kabisa. Anaihitaji kwa sababu ile ya zamani aliikalia. Bado hajamaliza gemu lake la tatu. Mtu asiyeona, atayaonaje mabega?

Nimerudi kazini, nimeificha kwenye droo ya chini, chini ya vitambaa vya kufutia. Nimempigia simu kumwambia lenzi zimechelewa. Akanipa pole kwa kazi nyingi! Nilijisikia vibaya kwa dakika nzima.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Mchana nilivuka barabara kwenda kuchungulia kopo langu. Nikakuta watu sita wananisubiri. Mlinzi wa benki alisema ameshika kitufe, akatembea mbele kama nilivyoelekeza, na jitu likamkanyaga. Akarudia. Likamkanyaga. Mara kumi na moja! Dada wa saluni alisema wahuni wa stendi hawakuanguka kwa adabu yoyote, walimchangia. Mzee mmoja muuza maua alinitazama tu, akatikisa kichwa. Huyo ndiye aliyeniumiza zaidi.

Nikawaambia tatizo ni moyo, jitu linanusa woga. Mlinzi wa benki akasema yeye analinda benki. Nikajitia nimeitwa kazini, nikaondoka mbio.

Kazini huko, bosi wangu, daktari wa macho, alikuwa anatafuta kitambaa. Akafungua droo ya chini. Droo zote nne za juu zina vitambaa, lakini yeye akafungua ya chini! Akaishika miwani juu, akasoma jina la mteja, akasoma tarehe, akanisoma na mimi. Nikasema nilikuwa naiacha itulie. Akauliza tangu lini miwani inatulia. Akaamuru niipeleke kesho mwenyewe, nimvalishe mteja kwa mikono yangu, nimwombe radhi.

Na Shemeji? Amemaliza gemu la tatu jana jioni. Alivaa miwani ya kusomea ya mama mkwe.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamka mapema, nimemaliza *Kikosi cha Zamu* kabla ya kwenda kazini. Hili ni gemu la kistaarabu. Hakuna kukimbizana. Unachagua pigo lako, unapiga, kisha unamsubiri adui naye achague la kwake, kama watu waliopewa namba za kumwona daktari. Adui zangu wote walichagua kupumzika. Kadi imepata muhuri saa mbili na nusu. Tatu kamili! Nilitembea kwenda kazini nikipiga mluzi.

Jioni nikampelekea Shemeji miwani. Nilimkuta chini ya sinki la jirani yake, nikamvalisha hukohuko. Akatazama bomba. Akatazama mikono yake. Akasema anaona mpaka nyufa za saruji, akanikumbatia na tope lake lote, akasema hajawahi kupata fundi kama mimi. Kuomba radhi kukasahaulika. Akasisitiza kunisindikiza nyumbani, amshukuru na dada yake.

Ningejua ningempeleka njia ndefu ya kutokea nchi nyingine.

Nyumbani nikamwonyesha ushindi wangu kwenye skrini. Shemeji akasogea. Akarekebisha miwani. Kwenye pembe ya chini, akasema, kuna maandishi madogo. Mimi huwa siyaoni. Nakubali kwamba ningepaswa kuvaa miwani, lakini fundi wa miwani akivaa miwani, wateja watasema nini? Shemeji akasoma kwa sauti: "Kiwango: Mapumziko. Adui hawakudhuru."

Mke wangu akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa sakafuni na kalamu yake nyekundu. Akakiri. Wiki ile ya vumbi hakufuta vumbi. Alishusha kiwango cha ugumu wa gemu zote mpaka chini kabisa, chini ya kiwango cha watoto, kwa sababu alikuwa na madaftari arobaini na tano na mume mmoja anayepiga kelele. Akasema alikusudia kuniambia, ila nilikuwa na furaha sana, na nyumba ilikuwa kimya sana.

Sikuamini. Nikapandisha kiwango mpaka cha kawaida, kile kinachotumika ukumbini. Hata sikulifikia jitu. Getini kuna askari mwenye fagio. Fagio! Aliniua mara nane mfululizo, na mara ya nane alikuwa amenipa mgongo.

Shemeji akaaga huku anajifuta machozi ya kicheko. Sijala vizuri. Nasema kweli hapa, kwa sababu hapa hakuna anayesoma: nimehuzunika. Nilikuwa nimependa kuwa yule mtu wa Jumatatu.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango: kuziiba kadi zangu kabla Shemeji hajasambaza habari. Aibu isiyo na ushahidi ni nusu aibu. Saa saba mchana nikavaa koti jeupe la kazini, nikachukua rula ya kupimia macho, nikaingia ukumbini kama mtu aliyetumwa kuwapima wateja umbali wa kukaa na skrini. Ningepima, ningepima, nikifika ukutani ningebandua.

Nimechelewa. Shemeji alishapita asubuhi. Kwa mujibu wa mwenye ukumbi, alisimama katikati akatangaza kwa furaha kubwa kwamba kadi za shemeji yake zinafaa kwa watu walioshusha kiwango mpaka Mapumziko, na kwamba hakuna mtu mzima anayeweza kufanya hivyo. Kisha akaenda zake kuzibua mfereji.

Hakujua alichofanya! Maana ukumbini hakuna aliyekuwa anajua kwamba kiwango kinashushwa. Nilikuta foleni imetoka mpaka nje. Mlinzi wa benki ameshika kitufe, anatembea mbele, jitu linaanguka, yeye anapiga saluti. Dada wa saluni amekuja na wateja wake wawili, nywele zimesukwa nusu. Muuza maua anamaliza *Kikosi cha Zamu* na kila adui akipumzika anamwambia asante. Watu ambao maisha yao yote wamekufa getini, leo wanaona majina yakipita, na hawataki kukaa chini mpaka jina la mwisho.

Na mashine namba nne, mkoba mapajani, kadi yangu mkononi: mama mkwe! Alisema alichoka kuwasikia wanaume wawili wakiongelea daraja ambalo yeye hajaliona. Nilisimama nyuma yake na rula yangu. Jitu likainua bega la kushoto. Mama hakulijali bega. Akashika kitufe, akatembea mbele, likaanguka kwa kishindo. Mama akapiga kigelegele, ukumbi mzima ukaitikia, mtu asiyemjua akambebea mkoba. Akanigeukia, akaniambia: "Maelezo yako ni mazuri, mwanangu, yanaeleweka, si kama yale ya mwenzako ya mabega."

Machozi yalinitoka. Nikampima macho ili nipate cha kufanya. Kadi sikuzigusa.

Jumamosi, 8 Machi

Saa sita kamili. Mwenye ukumbi akagonga meza kwa kidhibiti cha zamani cha gemu, watu wakanyamaza. Makopo yakamwagwa. Shemeji: vizibo themanini na tatu. Mimi: mia moja tisini na sita! Kopo langu lilijaa jana saa tisa, wakaongeza ndoo.

Shemeji akasimama kupinga. Akasema mimi si mpiganaji, askari wa fagio aliniua akiwa amenipa mgongo. Mwenye ukumbi akavaa miwani yake, akasoma sharti lililoko ukutani neno kwa neno: amalize gemu tatu, aandike mapigano yalivyokuwa. Akaniuliza kama nimemaliza. Nimemaliza. Akauliza kama mapigano yalikuwa hivyo nilivyoandika. Yalikuwa hivyohivyo! Akatoa hukumu. Mimi ni mwandishi rasmi. Ila kila kadi yangu itaandikwa kiwango juu yake kwa wino mwekundu, na kadi za Shemeji zitabaki kwa wale wanaopenda kuteseka. Kochi ni la watu wawili. Nikitaka nimkaribishe.

Nilifikiri kidogo, huku nikimtazama akisubiri. Raha iliyoje. Kisha nikamkaribisha. Tulikaa bega kwa bega mchana kutwa, tukamtazama mama mkwe akiwatandika wahuni wa stendi. Shemeji akakiri kwamba hajawahi kucheka namna hii ndani ya gemu. Akasema pia lenzi zangu ni safi sana. Nilimnunulia soda. Nampenda, mpuuzi yule.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Watu mia moja tisini na sita hawawezi kukosea. Kama maelezo yangu yamemfikisha mama mkwe mwisho wa daraja, basi tatizo si mimi. Tatizo ni kiwango cha kawaida, ambacho kimetengenezwa vibaya. Na kiwango cha juu kabisa kimetengenezwa vibaya zaidi, kwa kukosa mtu wa kukieleza kwa lugha nyepesi.

Kwa hiyo asubuhi nimempigia mwenye ukumbi. Nimemwambia Jumamosi ijayo nitafundisha darasa la kiwango cha juu kabisa, hadharani, kwenye skrini kubwa, kwa kidhibiti changu mwenyewe. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nimeshakimaliza mara mbili. Amebandika tangazo na muhuri. Waliojiandikisha ni ishirini na sita, Shemeji ndiye wa kwanza, amesema atakuja na viti vya ziada.

Mchana nimekijaribu kwa mara ya kwanza. Yule wa fagio ameniua mara thelathini. Mara ya thelathini na moja nilimgusa kiatu kwa ncha ya upanga, naye, naapa, akarudi nyuma hatua moja kabla ya kuniua.

Ananiogopa.