Kaakaa la Witness na Vita vya Miezi Saba

Tegeni masikio, enyi watu wa Mwembesongo, na ninyi mlio juu kwenye mabustani ya Uluguru, mpate habari za Amosi mwana wa Dominiko, mhadhiri wa Mzumbe, bingwa wa kupanga miradi, aliyejitwika kupanua kaakaa la binti yake Witness, mwenye miaka kumi na mmoja, ambaye taya lake la juu lilikuwa jembamba hata meno yakakosa pa kukaa.

Daktari Yasmin aligandisha kipanuzi cha chuma kwenye kaakaa la mtoto, akamkabidhi Amosi kijifunguo: azungushe mara moja kila siku, siku ishirini na nane. Hapo simu ya shujaa ikalia, naye akatoka nje kuipokea kwa mwendo wa kifalme. Yaliyosemwa nyuma yake hakuyasikia, na kwa kuwa ni msomi, hakuona haja ya kuyauliza. Akautangazia ukoo mzima kuwa vita ni vya wiki nne.

Basi kila jioni alivaa miwani, akashika kurunzi, akauvamia mdomo. Siku ya kwanza mkono uliowafelisha wanafunzi mia ulilikosa tundu la kijifunguo mara tatu. Witness, ambaye kwa chuma kile kila “sa” ilimtoka “sha”, alidondosha machozi bila kulia. Shujaa akaugeukia ukuta kitambo, akidai kurunzi imefifia. Siku ya kumi pengo likafunguka katikati ya meno ya mbele, akalipiga picha na kuwatumia ndugu, kana kwamba ameteka ngome.

Siku ya ishirini na nane alifika kwa daktari amevaa suti, akahutubia: “Daktari, niliyotumwa nimeyatimiza kwa wakati. Ondoa chuma hiki, umrudishie mwanangu kinywa chake.”

“Hongera, mwalimu. Kuzungusha kumekwisha,” akasema Yasmin. “Sasa kinakaa miezi sita, mfupa ujaze ufa uliofunguka kaakaani. Tukikitoa leo, taya litarudi lilikotoka.”

Amosi akamtazama binti yake. “Ulijua?”

“Nilishikia, baba. Ulikuwa na furaha, nikaona vibaya kukuambia.”

Miezi sita shujaa hakuruhusiwa kufanya lolote ila kungoja, na silaha hiyo hakuwahi kufunzwa kuitumia. Aliwapigia ndugu mmoja mmoja kuwaeleza. Walimcheka kwa zamu.

Chuma kikatoka. Witness akapitisha ulimi juu, taratibu, akacheka peke yake. Yasmin akapima: milimita saba. Kisha akasema zinafuata nyaya za meno, mwaka na nusu. Safari hii Amosi akayarudia maneno hayo mara mbili, kwa sauti, mkono wake begani kwa mtoto.

Na iandikwe hivyo Morogoro: milimita saba, miezi saba. Zipo falme zilizopanuka upesi zaidi, ila wafalme wake hawakulazimika kumbembeleza mtu aachame.