Chai Isiyomdhulumu Mtu

Mteremko aliiona riziki yake ikimwagwa jaani. Mpishi wa hoteli alikuwa akikung'uta sufuria, anatupa majani ya chai yaliyokwisha pikwa, na mtu mwingine angepita zake. Mteremko alisimama, akavua kofia kwa adabu kama aliyekutana na mkwewe.

Jina hilo alipewa na shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea, kwa kuwa hakuna kazi iliyowahi kumtoa jasho. Wiki hiyo shangazi alikuwa amefika mwisho: Ijumaa ikimkuta hana kazi, godoro lake litalala nje, naye juu yake. Kisha akapoa, akampima mabega kwa utepe, eti amshonee shati, huku akimsimulia habari za mama mmoja mwenye duka la majani ya chai mtaa wa pili. Mama huyo hanunui ila chai isiyomdhulumu mchumaji wala kuutia udongo sumu.

"Mwambie hata kokoto limechumwa kwa upendo, atalinunua," alisema shangazi, pini mdomoni.

Siku tatu majani ya hotelini yalianikwa juu ya bati. Yakanyunyiziwa sukari iliyounguzwa, yakatoka na rangi ambayo hata ujanani hayakuwa nayo. Ila alipompelekea habari, mwenye duka alitaka kumwona mchumaji kwa macho yake. Mteremko akamsihi shangazi aigize. Shangazi akakubali upesi mno, na hapo mwenye akili angekimbia.

Alhamisi asubuhi wakaingia dukani. Mteremko akamimina maneno: shamba halijui dawa ya wadudu, na wachumaji huchukua chipukizi na majani mawili tu, tena huuomba mti radhi kwanza. Shangazi akanyoosha vidole vilivyotobolewa na sindano miaka thelathini, eti ni kazi ya michai. Mwenye duka akafuta machozi kwa ncha ya khanga.

Kisha akabandika birika. Kijiko kimoja cha majani, maji ya moto, kifuniko. Chai ikatoka nyekundu ya kupendeza. Mteremko alikwisha anza kujiona amelala chali kwenye godoro lake, ndani.

"Sasa maji ya pili," alisema mwenye duka, akimimina mengine juu ya majani yaleyale. "Majani mazima hayaishi kwa kikombe kimoja, mwanangu. Kuyatupa mapema ni dhuluma pia."

Kikombe cha pili kikatoka cheupe kama maji ya kunawa.

"Yanaona haya, mama," Mteremko alijitetea. "Hayajazoea wageni."

Mwenye duka hakubisha. Alifungua droo, akatoa aproni na kumwambia aijaribu, aanze kazi, au wakaongee na mpishi wa hoteli, ambaye ni mdogo wake.

Mteremko akaivaa. Ilimkaa barabara, hata pale bega lake la kushoto linaposhuka palikuwa pamekatwa kwa kipimo.

Akageuka polepole. Shangazi alikuwa ameketi, anapuliza kikombe cha chai halali.

"Ningekwambia kuna kazi, ungekuja?" aliuliza.

Mteremko akafunga kamba za aproni.

"Na hayo majani yako ni mbolea safi," mwenye duka alisema, akimkabidhi jembe. "Shimo liko uani. Halijachimbwa."

Kabla ya adhuhuri, kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lile, Mteremko alijifuta jasho. Aproni, kumbe, ilikuwa na mfuko wa leso.