Malalamiko Juu ya Gari Kunyamazishwa

Kwa Fundi Mkuu,
Gereji ya nyuma ya ghala la mbao.

Ndugu Fundi Mkuu,

YAH: KUNYAMAZISHWA KWA GARI LANGU BILA RIDHAA YA FAMILIA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, mikono ikiwa na grisi na roho ikiwa safi. Mimi ni yule mtunza maktaba mwenye gari la bluu, lile nililonunua kwa mtu aliyelinunua kwa mtu aliyelinunua kwa mwingine. Wiki mbili zilizopita nililileta kwako kwa sababu ya milio yake. Siku ya tatu ukanikabidhi funguo ukasema, "Mzee, sasa hata ukisinzia humu ndani hakuna wa kukuamsha." Nikakushukuru mbele ya watu. Naomba, kwa heshima zote, kuziondoa shukrani hizo kwa sababu zifuatazo.

1. Ulitibu ugonjwa ambao bado ulikuwa unajadiliwa. Mke wangu ni muuguzi wa wodi ya watoto, na kwa miaka sita tumekuwa tukienda kazini pamoja, dakika arobaini kila asubuhi. Ule mlio wa mbele, kwi-kwi-kwi gari likiwashwa, yeye aliutambua siku ya kwanza kuwa ni kikohozi kikavu. Alisema kikija asubuhi tu, kisha kikatulia mgonjwa akipata joto, usikimbilie dawa. Mimi nilikuwa upande wa pampu ya maji, na nilikuwa na ushahidi wa kitabu kinene cha maktaba ambacho hakuna mtu mwingine aliyewahi kukiazima. Ukaja wewe, ukainamisha kichwa mara moja, ukasema ni mkanda, ukaubadilisha. Kesi ya miaka sita umeimaliza kwa spana moja, na pande zote mbili tumeshindwa.

2. Kuhusu ule mlio wa mlangoni sitasema mengi, maana bado naona aibu. Ulikuwa ukigonga ngo-ngo-ngo kila tukikata kona ya kushoto. Tuliuita Mama Mkwe; mimi nilimaanisha mama yake, yeye alimaanisha mama yangu. Mke wangu alihofia kuna kiungo kimeteguka. Mimi nilihofia usukani. Tulifika mahali tukawa tunakata kulia mara tatu ili tusikate kushoto mara moja. Wewe ukafungua ubao wa mlango, ukatoa kijiko. Ni kijiko cha kwetu, Fundi, kile ambacho kwa miaka mitatu tumemshuku shemeji yangu kuwa alikibeba. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kilikuwa mlangoni. Sasa natakiwa kwenda kumwomba radhi shemeji, na sijui nitaanzaje, kwa kuwa yeye mwenyewe hajui kwamba alishukiwa.

3. Mlinzi wa geti la maktaba alikuwa akitusikia tangu kwenye kona ya posta, na tukifika geti liko wazi. Siku hizi nafika kama mwizi. Jumatatu nilimkuta akicheza muziki peke yake mbele ya kioo cha dirisha, tena kwa juhudi. Hatujatazamana usoni tangu siku hiyo.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Gari limenyamaza, na sisi tumenyamaza.

Hatujagombana, usinielewe vibaya. Mtoto wetu wa mwisho alihamia chuoni mapema mwaka huu, nyumba ikabaki na vyumba vitatu na watu wawili. Nyumbani kila mtu ana shughuli zake. Maongezi yetu, kumbe, yalikuwa yamehamia chini ya boneti. Siku ya kwanza baada ya matengenezo yako tuliufurahia ukimya. Siku ya pili mke wangu alisema huenda mvua ikanyesha. Siku ya tatu nikasema, kweli, huenda. Mvua haijanyesha mpaka leo, na hatuna cha kuongeza.

Mimi kutwa nzima kazi yangu ni kuwaambia watu wanyamaze, na sikuwahi kuomba huduma hiyo niletewe hadi garini. Jumatano aliangalia nje ya dirisha njia nzima. Nikajikuta namtazama kama abiria niliyempa lifti. Nilitaka kumwuliza kitu, chochote, nikakosa pa kuanzia. Niliogopa, Fundi, na bado naogopa.

Kwa hiyo naomba uturudishie ule mkanda wa zamani. Kama umeshatupwa, basi legeza nati yoyote isiyo na madhara, mahali ambapo watu wawili wenye akili timamu wanaweza kutofautiana, na usimwambie yeyote ni ipi. Vilevile naomba gereji yako ibandike tangazo ukutani kwamba mteja mwenye ndoa hatatolewa mlio wowote mpaka mwenzake aje kuweka sahihi. Utasema gari ni chombo cha safari, si mwanafamilia. Hilo nililisema na mimi, zamani, nikiwa bado sijafundishwa na dunia.

Nisalimie mchomeleaji, fundi wa matairi, yule mpaka rangi anayeimba, na mama anayewaletea chai. Waambie sina kinyongo nao hata chembe. Kinyongo changu chote kiko kwako, na ni kidogo.

Wako katika ukimya nisiouomba,

Mtunza Maktaba
(gari la bluu)

Tanbihi: Nilikuwa nikuletee barua hii leo asubuhi. Tulipokuwa tukishuka mteremko wa hospitali, mke wangu akainua kidole akasema, "Baba Watoto, husikii?" Nikazima redio. Akasema ni nyuma, upande wa kulia, kama mtu anayesafisha koo. Nikashusha kioo, nikasikiliza. Fundi, mimi nasikia pipi ikimenywa kwenye meza ya mwisho kabisa ya maktaba, na nakuapia kule nyuma hakuna kitu. Nikamwambia ni beringi. Akasema beringi haikohoi hivyo, na kama nimeitoa kwenye kile kitabu changu nikirudishe. Tulibishana hadi kwenye geti la hospitali, kisha akabaki amekaa garini dakika nzima ili amalizie hoja yake. Kwa hiyo chana barua hii, na usiguse nati yoyote. Jumamosi atakuja nalo mwenyewe ili ulisikilize. Tafadhali inamisha kichwa, sikiliza kwa muda mrefu, kisha mwambie umeusikia mlio, ila bado hujajua ni nini.